Msumeno Haununuliwi kwa Ngurumo

Siku hizi hapa Katangi na sehemu nyingine za Yatta, mngurumo wa msumeno wa mnyororo, yaani pawasoo, umezoeleka kama mlio wa shoka. Watu huutumia kuangusha miti, kukata nguzo za ua na kupasua magogo yawe mbao. Msumeno mpya ni ghali, kwa hiyo wengi wetu hununua ule uliokwisha kutumiwa, au humwita mtu mwenye wake na kumlipa kwa kazi. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Ubaya uko katika namna tunavyouchagua. Mnunuzi hufika, muuzaji huvuta kamba, injini hunguruma, moshi hutoka, na fedha hulipwa papo hapo.

Lakini injini haikati mti. Vinavyokata mti ni mnyororo, ubapa unaozungukwa na mnyororo huo, na gurudumu dogo la meno linalouvuta. Vitu hivyo vitatu havina ngurumo ya kujisifu. Lazima uvitazame kwa macho na kuvigusa kwa mkono.

Nitawaeleza habari moja niliyoiona mwenyewe. Mama mmoja mjane wa upande huu alikuwa na mikau sita kando ya shamba lake, ambayo aliipanda pamoja na marehemu mumewe. Mukau, kama mjuavyo, ni mti wetu wa nchi kavu. Mbao zake ni nzuri, zina wekundu, na mchwa hawazishambulii upesi. Tena mti huu hutaka subira, maana huchukua miaka kumi hadi kumi na mitano hivi kabla ya kufaa kupasuliwa. Mama yule aliihesabu mikau yake kuwa karo ya mwanawe wa mwisho.

Siku ilipofika alimwita kijana mmoja jirani, ambaye wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameuza mafahali wawili akanunua msumeno uliotumika. Kijana alikuwa na nguvu na nia njema. Aliangusha mikau mitatu, akaanza kupasua. Mbao zikatoka nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, zimepinda kama njia ya ng'ombe. Moshi ulitoka ndani ya mti kana kwamba kuna moto. Kijana akafuta jasho akasema, "Mwaitu, mti huu ni mgumu mno." Mama akamjibu, "Mwanangu, ni mti ule ule ambao wazee wetu waliupasua kwa msumeno wa mikono."

Mnunuzi wa mbao alikuja, akazitazama, akakataa. Mwishowe alichukua chache tu kwa bei ya mbao za kumwagia zege, na nyingine zikawa kuni. Fundi alipoufungua msumeno ule alikuta meno ya upande wa kushoto yamenolewa hadi kuwa mafupi kuliko ya kulia, mfereji wa ubapa umepanuka, na gurudumu la meno limechimbika. Kijana alikuwa ameuziwa kitu kilichokwisha. Basi watu wawili walipata hasara kwa siku moja, naye kijana wala mama hakujua ni kitu gani kilichofaa kutazamwa kwanza. Kutazama kwenyewe ni kazi ya robo saa tu, nayo ndiyo nitakayoieleza hapa.

JINSI MNYORORO UNAVYOKATA

Huwezi kujua kitu kimechakaa ikiwa hujui kilivyo kikiwa kizima. Zamani minyororo ya misumeno hii ilikuwa na meno yaliyochongoka kama ya msumeno wa mkono, nayo yalitaka kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon huko Marekani, Joseph Cox, alimwona buu wa mdudu anayekula miti akiwa kazini ndani ya gogo. Aliona kwamba buu yule hatafuni mbele moja kwa moja, bali hukata kushoto na kulia kwa taya zake mbili. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Minyororo mingi tunayoiona leo imefuata mfano huo.

Tazama mnyororo wowote utaona jino moja limeinamia kushoto na linalofuata limeinamia kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo. Jino ni kama chuma cha randa ya seremala, na kinundu ni kama ubao wa chini wa randa, kwa maana ndicho kinacholipimia jino liingie kiasi gani ndani ya mti. Chini ya mnyororo kuna vipande vilivyochongoka, ambavyo nitaviita miguu. Miguu hii hutembea ndani ya mfereji wa ubapa, na ndiyo inayoshikwa na gurudumu la meno ili mnyororo uzunguke.

KABLA YA KUGUSA

Zima injini na uache ipoe. Chomoa kofia ya waya wa plagi, ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya. Vaa glavu ngumu, maana hata mnyororo butu hukata vidole. Legeza breki ya mnyororo ili uweze kuuzungusha kwa mkono. Uwe na rula yenye milimita, kipande cha chaki, kitambaa na burashi. Ukiona msumeno umefunikwa kwa mafuta na vumbi la mbao, usafishe kwanza. Muuzaji akikukataza kuusafisha au kuufungua, hilo nalo ni jibu.

KWANZA: MENO

Tia alama ya chaki juu ya jino moja, halafu uvute mnyororo polepole ukitazama jino baada ya jino mpaka chaki irudi. Usitosheke na kutazama meno matatu au manne, kwa kuwa mara nyingi mabaya hukaa mahali pamoja, pale palipogonga msumari au jiwe.

Tazama ukali. Geuza jino upande wa jua. Makali yaliyo mazuri hayaonyeshi mstari wowote. Makali yaliyo butu huonyesha mstari mweupe unaong'aa, kwa sababu ncha imekuwa bapa nayo hurudisha mwanga. Ubutu peke yake si ugonjwa mkubwa, maana huponywa kwa tupa.

Pima urefu. Weka rula juu ya jino, kutoka kwenye makali hadi nyuma. Kila jino likinolewa hupungua. Likibakia milimita 4 hivi, mnyororo umekwisha kazi, na ukiendelea kuunoa jino laweza kuvunjika na kuruka. Minyororo mingi ina mstari mdogo uliochorwa juu ya jino na kiwanda kuonyesha mwisho huo.

Linganisha kushoto na kulia. Hili ndilo lililomharibia yule mama. Mtu anayenoa kwa mkono wa kulia hupata nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na baada ya miezi michache meno ya upande mmoja huwa mafupi. Hapo mnyororo huvuta upande wenye meno marefu na makali, na mkato hupinda kama mwezi mchanga. Ikiwa tofauti ni ndogo, yatafute meno mafupi kuliko yote, kisha noa mengine yote mpaka yawe sawa nayo. Ikiwa baada ya kufanya hivyo hakuna jino litakalobaki, hesabu kuwa unahitaji mnyororo mpya.

Tazama vinundu. Laza rula juu ya meno mawili, halafu angalia nafasi iliyo kati ya rula na kinundu. Kwa misumeno ya wastani nafasi hiyo huwa kama milimita 0.65, na kwa mikubwa karibu milimita 0.8. Madukani kuna kibati kidogo cha kupimia jambo hili. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, jino halifiki kwenye mti, na hata likiwa kali litatoa unga tu. Ikiwa kinundu kimekatwa sana, jino hung'ata kupita kiasi, msumeno huruka-ruka mkononi, na hapo ndipo hatari ya kupigwa teke usoni huwa kubwa. Wako watu wanaopunguza vinundu kwa makusudi ili msumeno uonekane unakata haraka mbele ya mnunuzi. Ukiona vinundu vimekuwa kama vimefutwa, uachane nao.

Tafuta nyufa, meno yaliyomeguka, na rangi ya buluu. Rangi ya buluu ni alama kwamba chuma kilipata moto mwingi. Chuma cha namna hiyo hakikai tena na makali.

PILI: MIGUU NA RIBITI

Geuza mnyororo uone miguu yake. Ikiwa mizima, huwa na ncha iliyochongoka ya kuchota uchafu mferejini. Ikiwa imepondwa na kuwa na makovu, mnyororo umewahi kuruka kutoka kwenye ubapa ukiwa mbioni, au umekuwa ukizungushwa na gurudumu bovu.

Shika meno mawili yanayofuatana uyatikise. Kulegea kidogo ni desturi, lakini ribiti ikicheza sana, au kichwa chake kikiwa kimelika, mnyororo huo waweza kukatika. Mnyororo unaokatika ukiwa katika mwendo hupiga kama mjeledi wa chuma. Kisha kunja kila kiungo. Kiungo kisichokunjika vizuri kimekauka kwa kukosa mafuta au kimepindwa.

Mwisho tazama skrubu ya kukazia mnyororo. Ikiwa imefika mwisho wake na mnyororo bado unaning'inia, basi umenyooka kwa kulika kwa ribiti zote. Kuupunguza kiungo si dawa, maana ribiti zilizobaki ni mbovu vile vile.

TATU: UBAPA

Fungua kifuniko cha pembeni, uutoe mnyororo, kisha uutoe na ubapa. Safisha mfereji wake kwa kijiti chembamba. Yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni kina. Ingiza kibati chembamba mferejini mpaka kigote, kitie alama kwa msumari, halafu kipime. Kwa mnyororo wa kawaida wa misumeno ya wastani, kina kisipungue milimita 6, na kwa ule mnene wa misumeno mikubwa kisipungue milimita 7. Mfereji ukiwa na kina kidogo, miguu hukwaruza chini, na mnyororo hauketi tena juu ya kuta.

La pili ni upana. Rudishia mnyororo juu ya ubapa, uukaze, kisha usukume jino kwa kidole kushoto na kulia. Ikiwa linalala kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, mfereji umepanuka. Weka rula ubavuni, iguse jino na kuelekea ubavu wa ubapa. Ikiwa mfereji ni mzima, utaona nafasi ndogo kati ya rula na ubapa. Ikiwa mnyororo umelala na nafasi haipo, ubapa umechakaa, nao hautakata mstari ulionyooka hata ukiununulia mnyororo mpya.

La tatu ni usawa wa kuta mbili za mfereji. Simamisha ubapa juu ya kioo au meza iliyo sawa, ukitua juu ya kuta zake. Ukiegemea upande mmoja, ukuta mmoja ni mfupi. Fundi aweza kuusawazisha kwa tupa bapa ikiwa kina bado kinatosha. Pitisha pia kidole, lakini polepole, pembeni mwa kuta. Ukingo uliotokeza kama wembe huondolewa kwa tupa, na jambo hilo peke yake lisikufanye uukatae msumeno.

La nne ni pua. Bapa nyingi zina kigurudumu ndani ya pua. Kizungushe kwa kidole, nacho kizunguke bila kukwama wala kuyumba. Kikiwa kimekosa meno, au pua imekuwa buluu, ubapa umefika mwisho wake.

NNE: GURUDUMU LA MENO

Hiki ndicho kitu ambacho wanunuzi wengi hawakioni, kwa kuwa kimejificha chini ya kifuniko karibu na klachi. Tazama mahali miguu ya mnyororo inapogusa. Ukiona mabonde, pitisha ukucha. Ikiwa bonde lina kina cha nusu milimita, yaani karibu unene wa ukucha wako, gurudumu libadilishwe.

Sababu yake ni hii. Mnyororo na gurudumu hulika pamoja, kila kimoja kikifuata umbo la mwenziwe. Ukiweka mnyororo mpya juu ya gurudumu lililochimbika, miguu mipya haitakaa katika mabonde ya zamani, itapondwa, na kwa muda mfupi mnyororo mpya utakuwa umezeeka. Mafundi wengi hufuata desturi ya kubadilisha gurudumu kila baada ya minyororo miwili. Tena ni vema kuwa na minyororo miwili tangu mwanzo na kuibadilisha kwa zamu, ili yote ilike sawasawa na gurudumu.

Hakikisha pia kwamba mnyororo, ubapa na gurudumu ni vya kipimo kimoja. Misumeno iliyotumika mara nyingi imeunganishwa kwa vipande vya misumeno mbalimbali. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata karibu milimita 16.5, huo ni mnyororo wa kipimo cha .325. Ukipata karibu 18.6, ni wa 3/8. Ukipata karibu 20.5, ni wa .404, ambao huonekana katika misumeno mikubwa ya kupasulia mbao. Kisha soma namba zilizogongwa ubavuni mwa ubapa. Zisipopatana, uliza kwa nini.

TANO: MAFUTA, KISHA JARIBIO

Rudishia kila kitu mahali pake. Mnyororo ukikazwa vizuri hugusa ubapa kwa chini bila kuning'inia, lakini bado huweza kuvutwa kwa mkono uliovaa glavu. Rudishia kofia ya plagi na uwashe msumeno ukiwa umeuweka chini na breki imefungwa. Halafu fungua breki. Injini ikiwa inapumua taratibu, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, injini haikurekebishwa au klachi ni mbovu, nayo ni hatari. Sukuma kinga ya mbele wakati mnyororo unakwenda. Breki iusimamishe mara moja. Msumeno usio na breki inayofanya kazi usiununue kwa bei yoyote.

Sasa elekeza pua ya ubapa juu ya kipande cha karatasi ngumu, umbali wa shubiri moja, bila kuigusa, na uongeze moto. Baada ya muda mfupi mstari wa mafuta uonekane juu ya karatasi. Usipoonekana, mafuta hayafiki kwenye mnyororo, na kila kitu nilichokitaja hapo juu kitalika kabla ya wakati wake.

Mwisho, kata gogo. Chagua gogo lenye unene wa shubiri moja au zaidi, lililo safi, lisilo na udongo. Kata kwa kukingama na uuache msumeno ushuke kwa uzito wake mwenyewe. Hapo utazisoma ishara zifuatazo:

Vinatoka vipande vya mti vinavyoonekana kama shayiri iliyopondwa: mnyororo ni mkali. (Wakati wa kupasua mbao kwa urefu vipande huwa vyembamba zaidi, kwa hiyo usihukumu kwa hivyo.)

Unatoka unga kama wa mahindi: meno ni butu, au vinundu viko juu mno.

Unalazimika kuukandamiza msumeno: ni ugonjwa huo huo.

Mkato unapinda upande mmoja: meno ya pande mbili hayalingani, au ukuta mmoja wa ubapa umelika.

Msumeno unaruka-ruka na kung'ata: vinundu vimekatwa mno.

Moshi unatoka ndani ya mkato: meno ni butu au mafuta hayafiki.

Mnyororo unakaza mahali pengine na kulegea mahali pengine: ribiti zimelika bila usawa, au gurudumu ni bovu.

Mnyororo unaruka kutoka kwenye ubapa: umelegea, au miguu, mfereji na gurudumu vimechakaa pamoja.

Anayefanya jaribio hili avae kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, viatu vigumu na suruali ya kazi hiyo. Asiwe peke yake, wala asikate kwa ncha ya pua ya ubapa, maana hapo ndipo teke lilipo.

HESABU YA BEI

Usikate tamaa ukikuta kasoro. Msumeno uliotumika ni kama ng'ombe mkavu, ambaye waweza kununuliwa kwa faida ikiwa bei yake inafanana na hali yake. Zigawe kasoro mara tatu. Zile za tupa peke yake, kama ubutu na ukingo wa ubapa, hazina gharama kubwa. Zile za kununua kipande kipya, yaani mnyororo, ubapa au gurudumu, ziulizie bei dukani kabla hujapatana, halafu uzitoe katika bei ya muuzaji. Zile za hatari, kama breki mbovu, au mtego wa mnyororo uliovunjika chini ya kifuniko, zisipotengenezwa mbele yako, rudi nyumbani na fedha zako.

Na ukikuta vyote vitatu vimekwisha, usidanganyike kubadilisha kimoja leo na kingine mwakani. Kile kibovu kitakula kizima. Ni afadhali kununua vyote pamoja, au kutafuta msumeno mwingine.

MAADUI WA MNYORORO KATIKA NCHI YETU

Hapa kwetu mnyororo hufa mapema kuliko katika nchi za mvua nyingi, na sababu zake ni wazi. Mchwa hujenga njia zao za udongo juu ya magome, na udongo huo una mchanga unaosaga makali mara moja. Chukua panga au burashi ya chuma ukwangue gome mahali utakapokata. Miti iliyo katika ua huwa imemeza misumari na seng'enge, na ile iliyowahi kutundikwa mizinga ya nyuki huwa imemeza waya. Muulize mwenye shamba kabla hujaanza. Gogo likiwa chini, liinue kwa vipande vya mti ili pua ya ubapa isiguse ardhi. Mara moja tu ya kuchimba mchanga hutosha kuharibu makali yote.

Noa kabla mnyororo haujawa butu kabisa. Tumia tupa ya mviringo yenye unene unaofaa: milimita 4.8 kwa mnyororo wa .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa ule wa 3/8, na 5.5 kwa ule wa .404. Sukuma tupa kutoka ndani kwenda nje, usiivute kurudi. Hesabu misukumo, ikiwa mitatu kwa jino la kwanza, iwe mitatu kwa yote. Pembe iwe karibu digrii 30 kwa kukata kwa kukingama, na karibu digrii 10 kwa mnyororo wa kupasulia mbao. Kila unaponoa, geuza ubapa juu chini ili kuta zake zilike sawa. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, pima vinundu. Wala usitie mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya gari, maana yana chembe za chuma, nayo ni mabaya kwa ngozi yako na kwa udongo.

KWA MWENYE MTI

Huenda wewe hununui msumeno, bali una miti tu. Maneno haya ni yako pia. Kwanza, uliza ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu iliyo karibu ni kibali gani kinachotakiwa kabla ya kukata au kusafirisha mbao, na umwarifu chifu. Pili, mtu anapokuja na msumeno wake, mwambie kwa adabu, "Nionyeshe mnyororo." Tazama kama meno ya pande mbili yanalingana, na umwombe akate kwanza tawi kubwa. Mkato ukipinda kwenye tawi, utapinda kwenye gogo. Kumbuka pia kwamba msumeno wa mnyororo hula mti mwingi kuliko msumeno wa mashine ya mezani. Kila mpasuo hugeuza karibu milimita 8 hadi 10 za mti kuwa unga, na ukiyumba hupoteza zaidi. Hizo ni mbao zako zinazoanguka chini kama vumbi.

Pengine mtapenda kujua habari za mama yule. Mikau mitatu ilibaki imesimama. Kijana alifedheheka, lakini hakukimbia. Alipeleka msumeno kwa fundi, akanunua mnyororo, ubapa na gurudumu kwa mara moja, akakaa siku nzima akifundishwa kushika tupa. Miezi kadhaa baadaye alirudi kwa mama akaomba apewe mukau wa nne, bila malipo. Mama hakumjibu neno mpaka alipoinama, akashika mnyororo kwa kitambaa, na kuyatazama meno moja moja, kushoto na kulia, mpaka chaki iliporudi. Ndipo akasema, "Haya, mwanangu, kata." Mbao zilitoka zimenyooka, na mnunuzi yule yule akazilipia.

Wazee walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Basi wewe nawe, kabla hujatoa fedha wala kuangusha mti uliochukua miaka kumi na mitano, itazame kwanza hali ya kisu chenyewe.